Baraza ya Mbao Haiozi kwa Uzee

Kakuyuni iko upande wa bara kutoka mji wa Malindi, kati ya bonde la Mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wenyeji wake wengi ni Wagiriama, watu wa mahindi, mihogo, mikorosho na miembe, na pamoja nao wako walimu, makarani na mafundi ambao riziki yao iko mjini. Kwa desturi baraza ya nyumba ya huko ni ya udongo uliopigwa hata ukalainika, au ya saruji kwa mwenye uwezo. Walakini sakafu ya mbao au miti iliyoinuliwa juu ya ardhi si kitu kigeni kwa watu hawa. Dungu la kulindia mahindi dhidi ya nyani na nguruwe ni sakafu ya namna hiyo, na uchaga wa kuwekea nafaka juu ya meko ni sakafu vile vile. Tena wako waliofanya kazi katika hoteli za Malindi na Watamu, wakaziona sakafu za mbao zilizo wazi mbele ya vyumba, wakapenda kuwa nazo nyumbani. Mahali penye mteremko, au penye udongo unaotuama maji wakati wa masika, baraza ya mbao iliyoinuliwa kwa nguzo fupi ni njia rahisi ya kupata mahali pakavu pa kuketi.

Shida huanza baada ya miaka michache. Ubao mmoja hulegea, wa pili hubonyea chini ya mguu, na siku moja mzee au mtoto hutumbukia hata magoti. Hapo hutafutwa wa kulaumiwa. Neno la kwanza husemwa kwamba mbao zilikuwa mbovu. La pili, kwamba fundi alikuwa mdanganyifu. La tatu, kwamba mbao ni mbao na hapana budi zioze. Pengine maneno hayo mawili ya kwanza huwa ya kweli. La tatu si kweli kamwe. Iko milango katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja iliyodumu zaidi ya miaka mia, na ubao wake ukigongwa hulia kama ngoma. Mbao hazifi kwa uzee; huuawa, na mwuaji wake mkubwa ni maji yaliyokaa.

Yafaa jambo hili lielezwe vizuri, maana kazi yote ya utunzaji hutokana nalo. Uoza ni kazi ya kiumbe kidogo sana cha jamii ya kuvu, ambacho hula mwili wa mti kama vile kuvu wengine walavyo mkate uliosahauliwa kabatini. Mbegu zake zimo hewani kila mahali wala haziwezi kuzuiwa. Lakini kuvu huyo hawezi kuishi katika mti mkavu. Maji yaliyomo katika ubao yakiwa chini ya sehemu 20 katika kila 100 za uzito wa mti mkavu, uoza hauanzi. Ubao uliolowa kwa mvua asubuhi ukakauka jioni haudhuriki kitu. Ule ulio chini ya rundo la majani ya mwembe, au chini ya mtungi wa maji usioondolewa mahali pake mwaka mzima, haukauki kabisa, na huo ndio utakaoliwa kwanza. Basi fagio ni dawa ya mbao kabla ya rangi na mafuta, na mtu anayepaka mafuta juu ya ubao mchafu wenye ubichi amefungia adui ndani ya nyumba.

Watu wa pwani wanayo shule ya zamani ya jambo hili, nayo ni jahazi. Sitaha ya jahazi ni sakafu ya mbao iliyo wazi kuliko zote: juu yake jua kali, chini yake unyevu wa ngama, na miguu ya mabaharia na mizigo mchana kutwa. Mabaharia huimwagia maji ya bahari kila siku, hasa wakati wa jua, ili mbao zisinyauke na kuachana. Mtu wa bara akiona hivyo aweza kudhani kwamba maji hayadhuru mbao hata kidogo. Siri yake ni chumvi. Kuvu wa uoza hapendi chumvi, na manahodha wa mataifa yote walijua tangu zamani kwamba maji ya mvua yanayovujia ndani ya chombo ndiyo yanayokiozesha, kuliko maji ya bahari yanayokipiga kwa nje. Kisha nafasi kati ya mbao hujazwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta, na mbao zilizo juu ya maji hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, tena na tena.

Si vema mwenye nyumba wa Kakuyuni aige yote hayo. Maji ya chumvi yakimwagwa katika baraza ya nyumba huila misumari kwa kutu, na chumvi iliyobaki katika mbao huvuta unyevu wa hewa usiku. Kalafati nayo haifai, kwa sababu sitaha hutaka kuzuia maji yasipite, na baraza ya nyumbani hutaka maji yapite upesi. Kuhusu sifa, hapana shaka ni mafuta mazuri kwa mbao, lakini mwenye kuipaka barazani atakaa peke yake kwa muda mrefu, kwa kuwa wageni hawataistahimili harufu yake. Jambo la kuigwa kwa mabaharia ni moja tu: hawangoji ubao uharibike ndipo waushughulikie.

Utunzaji wa baraza huanzia kwa fundi. Nguzo zisizikwe katika udongo ikiwa yawezekana. Zisimame juu ya mawe au vipande vya saruji vilivyoinuka inchi chache, maana sehemu ya nguzo iliyo sawa na uso wa ardhi ndiyo inayopata maji na hewa pamoja, na ndiyo inayooza na kuliwa mapema. Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya milimita 4 au 5, kiasi cha unene wa msumari mkubwa, ili mvua ipite na upepo uingie. Vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa kwa msumeno, hunywa maji kuliko ubavu wa ubao, kwa sababu mishipa ya mti iko wazi pale. Hizo zipakwe mafuta au rangi mara mbili au tatu kabla ya kupigwa mahali pake. Misumari na skrubu ziwe za kupakwa zinki. Na chini ya baraza pawe wazi, mtu aweze kuinama akaona. Baraza nyingi zimeangamia kwa sababu chini yake pamegeuzwa ghala ya kuni, magunia machakavu na mabati ya zamani.

Kusafisha kwenyewe si kazi ngumu, ila hutaka utaratibu. Kila siku pafagiliwe, hasa chini ya mikorosho na miembe, kwa sababu majani yaliyolowa hutoa rangi nyeusi inayoingia katika mbao. Nafasi zilizo kati ya mbao hujaa mchanga, maganda na kinyesi cha kuku; zichokolewe kwa kijiti mara moja kila juma. Mitungi, madumu na vyungu vya maua viwekwe juu ya vipande vya miti ili hewa ipite chini yake, na vihamishwe mara kwa mara.

Mara mbili kwa mwaka baraza ioshwe kwa sabuni na maji. Kifaa kizuri kuliko vyote kinapatikana bure katika shamba lenye minazi, nacho ni kumbi la nazi. Nyuzi zake ni ngumu za kutosha kuondoa uchafu, wala hazichubui mbao. Msuguaji afuate mkondo wa nyuzi za mti, asikatize, kwa maana kukatiza huinua vibanzi ambavyo baadaye vitachoma miguu ya watoto. Mchanga usitumike, huondoa uchafu pamoja na mti wenyewe. Sufi ya chuma nayo huacha vipande vidogo visivyoonekana, ambavyo baada ya siku chache huwa madoa ya kutu. Wako wanaoazima mashine za kuoshea magari, zile zirushazo maji kwa nguvu nyingi. Mashine hiyo huufanya ubao ung'ae kwa siku moja, kisha nyuzi zake husimama kama manyoya ya paka aliyeogopa, na maji ya mvua huingia kwa urahisi kuliko kwanza.

Upande wa kivuli, hasa miezi ya masika, huota utando wa kijani unaoteleza. Huo ni hatari kubwa kwa wazee, na uondolewe bila kungoja siku ya kuosha. Sabuni na kumbi hutosha mara nyingi. Watu hupenda kumwaga dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hiyo huua utando, ni kweli, lakini ikitumiwa kali au mara kwa mara hudhoofisha nyuzi za mti na kula misumari. Ikibidi itumiwe, iwe kidogo katika maji mengi, na baada ya dakika chache isuuzwe yote. Madoa meusi yanayozunguka vichwa vya misumari hupungua kwa maji ya ndimu. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana: klorini na ndimu, au klorini na siki, visikutane kamwe katika ndoo moja wala juu ya ubao mmoja, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu.

Mbao zilizokaa juani hugeuka rangi, zikawa za kijivu kama majivu. Wengi huogopa wakidhani zimeoza. Kijivu hicho ni kazi ya jua, ambalo huvunja gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti juu juu tu, na chini ya unene wa ukucha mti huwa mzima. Njia ya kujua ni kuchukua ncha ya kisu na kuichoma katika ubao. Ubao mzima hukataa, na ukibanduliwa hutoa kibanzi kirefu. Ubao uliooza hupokea kisu kama muhogo uliochemshwa, na kipande kinachotoka hukatika kifupi na kupukutika. Jaribio hilo lifanywe karibu na nguzo, penye misumari, na kwenye vichwa vya mbao, maana huko ndiko uoza uanziako.

Baada ya kuoshwa mbao ziachwe zikauke kabisa, siku 2 au 3 za jua, ndipo zipakwe. Kujua kama zataka mafuta, yanyunyizwe matone ya maji. Yakisimama kama umande juu ya jani la mgomba, baraza bado inajitosheleza. Yakinywewa, wakati umefika.

Swali la mafuta ndilo linaloleta mabishano mengi. Katika nyumba nyingi mafuta ya kwanza yanayofikiriwa ni ya nazi, kwa kuwa yako karibu. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa wali na kwa nywele, lakini kwa baraza hayafai. Yako mafuta yanayokauka yakawa ngozi ngumu, na yako yasiyokauka milele. Ya nazi ni ya jamii ya pili. Hubaki yakinata, hushika vumbi, na ukungu huyapenda. Mafuta ya kitani, yauzwayo katika maduka ya rangi, ni ya jamii ya kwanza, na ndiyo yanayofaa. Hupakwa kwa kitambaa au brashi, kidogo kidogo, wakati wa kivuli, na baada ya nusu saa yaliyobaki juu yafutwe. Kupaka mara mbili kwa wepesi ni bora kuliko kupaka mara moja kwa wingi. Mafuta ya kitani peke yake hayaui ukungu, kwa hiyo mwenye uwezo anunue yale yaliyotengenezwa kwa mbao za nje, yenye dawa ya ukungu na rangi ya kuzuia jua.

Matambara yaliyofutiwa mafuta ya kitani ni hatari ambayo wengi hawaijui. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na matambara yakirundikwa pamoja joto hukosa pa kutokea, hata rundo likawaka moto lenyewe bila ya kiberiti. Katika nyumba ya makuti hilo laweza kuwa msiba. Matambara yatandazwe nje moja moja mpaka yakakamae, au yatiwe katika ndoo ya maji.

Oili chafu ya injini inapendwa kwa sababu hupatikana bure au kwa bei ndogo, na ni kweli kwamba mchwa haipendi. Kwa nguzo za ua ulio mbali na watu wengi wameizoea. Kwa baraza ambayo mtoto hutambaa, na mahali ambapo mama huanika mahindi au mihogo, haifai hata kidogo, kwa kuwa ndani yake mna uchafu wa madini na sumu zinazoshika ngozi, na mvua huzipeleka katika udongo wa bustani. Mafuta ya maganda ya korosho nayo yana nguvu ya kuhifadhi mti, lakini kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua jinsi yanavyounguza ngozi. Wazee pengine hukumbuka dawa za unga na za maji zilizomaliza mchwa kabisa, kama vile dildrini na aldrini, zilizoenea tangu miaka ya 1950. Sumu hizo hukaa katika udongo na katika mwili wa mtu kwa miaka mingi, na zimo katika orodha ya zile zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Chupa ya zamani ikionekana stoo, isitumiwe.

Basi mchwa watazuiwaje? Kwa macho, kwanza. Mchwa wa ardhini hawapendi mwanga, nao hujenga njia za udongo juu ya nguzo ili wafike kwenye mbao. Nguzo ikiwa imesimama juu ya jiwe tupu, njia hiyo huonekana wazi, na mwenye nyumba akiikagua kila mwezi aweza kuibomoa kabla haijafika juu. Penye kuni zilizoegemezwa nguzoni hawezi kuona kitu. Dumuzi ni adui wa namna nyingine. Huyo hukaa ndani ya mti mkavu, na alama yake ni tundu dogo na unga mwembamba chini yake. Unga ukionekana kila siku baada ya kufagiwa, ubao huo uondolewe mapema usije ukaambukiza mingine.

Yote haya yangekuwa mambo madogo kama mbao zingekuwa nyingi. Hazipo. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio jirani na Kakuyuni, una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi na ni msitu mkavu mkubwa kuliko yote iliyobaki katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1943. Mbambakofi, mti wa mbao bora za milango na sakafu, ulikatwa sana humo zamani, na iliyo mikubwa leo ni michache. Boriti za mikoko, ambazo mchwa huzishinda kwa shida, zilikatazwa kupelekwa nchi za nje tangu mwaka 1982. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya mbao ikapanda madukani.

Kwa hiyo mjenzi wa leo hutegemea saiprasi na msonobari zitokazo nyanda za juu, au miti ya mashambani. Saiprasi na msonobari ni laini, na bila kutiwa dawa hazivumilii masika. Mvinje, ambao wakulima wengi wa pwani hupanda, hutoa nguzo zilizonyoka na zenye nguvu, lakini hupasuka ukikauka na huliwa upesi ukizikwa ardhini. Mwarobaini ni mti unaodharauliwa bila sababu. Mbao zake ni fupi na zenye kupinda, ila mchwa hawaupendi. Mnazi mzee usiozaa una mbao ngumu upande wa nje wa shina na laini katikati, na fundi mwaminifu hutumia ile ya nje tu.

Si nyumba peke yake zinazohitaji uangalifu huu. Katika mikoko ya Mida, karibu na Watamu, iko njia ya mbao na daraja la kuning'inia ambalo wageni hulipa kiingilio kupita. Fedha hizo huingia katika mpango uitwao ASSETS, wa shirika la A Rocha Kenya, ulioanza mwaka 2001 kusaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi kandokando ya msitu na hori hilo. Pale ubao ukioza, hasara yake ni ya mwanafunzi.

Majira ya kazi hii yanajulikana kwa mkulima yeyote. Kuosha kukubwa na kupaka mafuta kufanywe wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari au mwanzo wa Machi, mbao zikiwa kavu na mvua ya masika haijaja. Kukagua kufanywe mwezi wa Agosti, masika yakiisha kupita, ndipo mbao zioshwe mara ya pili kabla ya vuli. Ubao ulioshindwa kwa kisu utolewe wote, usizibwe kwa udongo wala bati, kwa kuwa kiraka hufunika ubichi. Ubao mpya ukatwe, upakwe vichwani, uachwe ukauke siku moja, ndipo upigwe kwa skrubu. Na ule wa zamani, kama ulikuwa wa mbao zilizotiwa dawa ya kijani, usipelekwe jikoni. Dawa hiyo ina arseniki, ambayo kwa moto hutoka katika moshi na kubaki katika majivu. Hata sufuria iliyofunikwa haimlindi mpishi anayeuvuta moshi huo.